Kinu cha Kampemba: LOGO au PLC?

Kinu kimoja cha unga wa mahindi katika komini ya Kampemba, hapa Lubumbashi, kilihitaji kabati jipya la umeme, na mwenye kinu alikuwa na proforma mbili, yaani karatasi za makadirio ya bei, ambazo hazikufanana kwa lolote isipokuwa mwezi zilipoandikwa. Ya kwanza ilitoka kwa kampuni ya mjini. Ilipendekeza PLC, yaani kompyuta ndogo ya viwandani ya kuongoza mitambo, aina ya Siemens S7-1200 yenye CPU 1214C, pamoja na skrini ya kugusa. Ya pili ilitoka kwa fundi wa mtaani, yule yule aliyefunga nyaya za kabati la zamani. Yeye alipendekeza LOGO, kidhibiti kidogo cha mantiki cha Siemens hao hao, na jumla ya gharama yake haikufika nusu ya ile ya kwanza.

Mwenye kinu ni mama aliyekulia katika biashara ya unga. Mahindi yake mengi yanaingia kwa Kasumbalesa kutoka Zambia, na bei ya gunia anaijua kabla lori halijavuka. Aliniita nizisome hizo karatasi.

"Mtoto wangu, mimi najua unga," aliniambia. "Haya mengine yananichanganya. Nani kati yao anataka kunila?"

"Hakuna, mama. Ila naona wote wawili wameandika kabla ya kukitazama kinu chenyewe."

Basi tulianza na kinu. Mahindi yanaingia kwenye hopa (faneli kubwa ya kumwagia), yanashuka hadi kwenye kinu cha nyundo chenye mota ya kilowati 55, feni inavuta unga kupitia wavu hadi kwenye saikloni inayotenga unga na hewa, elevata ya ndoo inaupandisha kwenye chekecheo, na toka hapo unateremka kwenye hopa ya kujazia magunia. Kwa volti 400, mota ya kilowati 55 iliyobeba mzigo wake wote hula karibu ampea 100. Hiyo ndiyo namba inayotawala kinu kizima. Mahindi yakiingia machache, unachoma umeme bure, maana mota ya namna hii ikizunguka tupu bado inavuta theluthi moja hivi ya ampea zake. Yakiingia mengi, nyundo zinazama, wavu unaziba, relei ya joto, inayoilinda mota isizidiwe, inakata, na kazi inayofuata ni ya majembe na makoleo.

Usiku kazi ya kuzuia hayo yote ilikuwa mikononi mwa kijana mmoja. Anasimama karibu na mlango wa bati unaoteleza chini ya hopa, mkono mmoja juu ya mpini, sikio kwa mota. Mlio ukizama, anasukuma mlango kidogo, ukichangamka, anauvuta. Kwenye kabati kuna ampea-mita ya sindano yenye kioo kilichopasuka, na juu ya kioo mtu amechora mstari kwa rangi nyekundu ya kucha, kwenye 90. Nilipomuuliza kama mstari huo ni wake, alicheka: "Hapana, yaya, ni wa mama mwenyewe." Nikajua kwamba aliyesema anajua unga tu alikuwa anajishusha.

Mpango mpya, katika proforma zote mbili, ulikuwa kuondoa mlango ule na kuweka skrubu ya kulisha yenye mota ndogo, inayoendeshwa na kibadilisha kasi. Hapo ndipo njia zilipoachana.

Watu wengi hudhani uamuzi huu huanza na kuishia kwa kuhesabu nyaya, kwa hiyo tuzihesabu upesi. Zinazoingia: vitufe vitatu vya kuwasha, kusimamisha na kufuta hitilafu, hali ya sakiti ya dharura, relei za joto za mota nne, hitilafu ya kibadilisha kasi, relei ya kuangalia fezi, kontakta ya kinu (swichi kubwa ya mota inayovutwa kwa umeme) ikithibitisha kwamba imeshika kweli, hopa ya juu ikikaribia kuisha, hopa ya magunia ikijaa, mlango wa kinu, na sensa ya mzunguko kwenye puli ya chini ya elevata. Ni 15. Ongeza ishara moja ya analogi, yaani inayopanda na kushuka badala ya kuwa ndiyo au hapana tu, ile ya ampea za mota. Zinazotoka ni tisa: kontakta tatu za kinu kwa kuwa kinawashwa kwa nyota-pembetatu (kwanza kwa nguvu ndogo, kisha kwa nguvu kamili), feni, elevata, chekecheo, amri ya skrubu, king'ora na taa.

Sasa angalia kinachotokea. CPU 1214C ina nafasi 14 za kuingiza za dijitali na 10 za kutoa. Kwa waya mmoja tu inazidiwa, na inahitaji moduli ya nyongeza ambayo haikuwa kwenye proforma. LOGO ya msingi ina nafasi nane za kuingiza na nne za kutoa, na moduli moja ya DM16 inaiongezea nane na nane. Zinatosha barabara, bila hata nafasi moja ya akiba upande wa kuingiza. Ukiongeza DM8 unapata nne zaidi kila upande na unapumua. LOGO inaweza kupanuliwa hadi nafasi 24 za kuingiza na 20 za kutoa za dijitali. Kwa hiyo hesabu ya nyaya, ambayo kampuni iliitumia kama hoja ya kwanza, haikumsaidia yeyote.

Fundi wa mtaani naye alikuwa na kasoro kwenye karatasi yake, na hii ningependa kila anayeagiza LOGO aikumbuke. Aliandika toleo la volti 230, kwa nia njema kabisa: kuokoa gharama ya pawa saplai ya volti 24. Toleo la volti 230 halina nafasi za analogi kwenye moduli ya msingi. Ni matoleo ya umeme wa DC, kama 12/24RCE, ambayo nafasi zake nne kati ya nane, yaani I1, I2, I7 na I8, zinaweza kupokea ishara ya volti 0 hadi 10. Zaidi ya hapo, waya wa sensa wenye volti 230 uliolazwa mita nyingi kando ya kebo ya mota hupokea umeme wa kuambukizwa, na utaona nafasi ya kuingiza inawaka wakati swichi iko wazi. Volti 24 ndiyo njia, hata kama pawa saplai inaongeza gharama.

Tuje kwenye kiini. Kampuni ilikuwa imeandika kwamba kusawazisha mzigo wa kinu kunahitaji PID, yaani hesabu inayosahihisha yenyewe ili kipimo kikae kwenye lengo, na kwa sababu hiyo PLC ni ya lazima. Nusu ya kwanza ni kweli. Mtu akitaka ampea zikae kwenye mstari mwekundu wa mama, kitu fulani lazima kisome ampea, kilinganishe na 90, na kibadilishe kasi ya skrubu bila kuchoka. LOGO ina bloku ya PI, ndugu mdogo wa PID, ndani yake, na fundi alitegemea hiyo. Lakini bloku hiyo hupiga hesabu yake kila nusu sekunde. Kwa joto la tanuru au maji ya tangi, nusu sekunde ni anasa. Kwa kinu cha nyundo kinachoweza kumeza mahindi ya kupita kiasi kwa sekunde moja au mbili, kuchelewa huko kunaonekana kwenye sindano: inapanda, inashuka, inapanda tena, haitulii. S7-1200 ina PID yake iitwayo PID_Compact, unaweza kuiendesha mara nyingi zaidi kwa sekunde, na ina namna ya kujirekebisha yenyewe. Kwenye hoja hiyo peke yake kampuni ilishinda.

Ila ukurasa wa pili wa proforma hiyo hiyo ulikuwa na kibadilisha kasi, na karibu kila kibadilisha kasi cha viwandani kinachouzwa leo kina PID yake ndani ya menyu. Kina nafasi ya analogi ya kupokea ishara, kina sehemu ya kuandika lengo, na kinachosahihishwa ni kasi ya mota ambayo tayari kiko nayo mkononi. Huhitaji kutuma ishara kwa PLC ili PLC itume ishara nyingine kwa kibadilisha kasi. Transfoma ya ampea ya 150/5 inazungushiwa kebo ya kinu, kigeuzi chake kinatoa volti 0 hadi 10, waya huo unaingia kwenye kibadilisha kasi, na tawi lake linaingia kwenye LOGO, alimradi 0 V ya vifaa vyote iwe moja. Kibadilisha kasi kinasawazisha. LOGO inatazama tu: ampea zikipita kiwango cha juu kwa muda uliowekwa, inaondoa amri ya skrubu, inaacha kinu kimeze kilicho ndani, kisha inarudisha.

Hoja ya "PID, kwa hiyo PLC" iliishia hapo. Mama alipoelewa, aliuliza kwa nini kampuni haikumwambia. Nadhani hawakuwa na hila: mhandisi wa programu huona tatizo la programu.

Kuna mtego mmoja katika mpangilio huo, na haujali kama PID iko kwenye PLC, LOGO au kibadilisha kasi. Hopa ikiisha, ampea zinashuka hadi zile za mota tupu. PID inaona upungufu, inaongeza kasi ya skrubu, haioni mabadiliko, inaongeza tena, hadi mwisho wa uwezo wake. Kisha vijana wanamwaga gunia jingine, na skrubu inayozunguka kwa kasi ya juu inayasukuma mahindi yote ndani ya kinu kwa mpigo mmoja. Ndiyo maana ile sensa ya hopa ya juu ipo kwenye orodha. Ikisema mahindi yanakaribia kuisha, LOGO inasimamisha skrubu, na skrubu inapoanza tena, PID inaanza na kumbukumbu safi. Kwenye kibadilisha kasi unaweka pia kikomo cha juu cha hezi ambacho hata PID ikichanganyikiwa haiwezi kukizidi. Bila hivyo, otomatiki yako yote itashindwa na yule kijana na mlango wake wa bati.

Mfuatano wa kuwasha na kuzima ni kazi nyepesi. Unawasha toka mwisho wa njia kurudi mwanzo: chekecheo, elevata, feni, kinu, halafu skrubu, unazima kwa kuanza na skrubu na kumpa kila mmoja muda wa kujimaliza. Ni vipima muda na masharti, chakula cha kila siku cha LOGO. Sensa ya elevata inatoa mapigo, LOGO inahesabu kasi yake, mkanda ukiteleza inasimamisha kila kitu kinachoilisha elevata. Haya yote hayafiki hata robo ya bloku 400 ambazo LOGO 8 inaruhusu.

Umeme wa SNEL, shirika la umeme la taifa, ulihitaji fikra zaidi kuliko mfuatano wenyewe. Anayeishi Lubumbashi hahitaji kuelezwa delestaji, yaani kukatwa umeme kwa zamu. Mahindi yakiwa ndani ya kinu na umeme ukakatika, nyundo zinasimama zikiwa zimezikwa. Umeme ukirudi, kitu kibaya kuliko vyote ni kinu kujiwasha chenyewe: mota inang'ang'ana na mzigo, nyota haifiki kasi ya kupita kwenye pembetatu, na kama kuna mtu amefungua mlango wa kinu kutoa mahindi, hatutazungumzia tena ampea. Programu lazima isahau kwamba ilikuwa inaendesha, ikumbuke saa za kazi na idadi ya hitilafu, na isubiri kidole cha mtu. LOGO na S7-1200 zote zinaweza hivyo, zote zinatunza kumbukumbu bila betri, na saa zao za ndani hudumu kwa kawaida siku 20 hivi bila umeme. Sare tena.

Sasa mahali ambapo havikuwa sare. S7-1200 haina uso. Kuna taa ndogo chache tu. Kama kinu kimesimama saa nane za usiku na skrini ya kugusa haikuandaliwa ujumbe wa hitilafu hiyo, anayetaka kujua sababu anahitaji laptop yenye TIA Portal (programu ya Siemens ya kufungulia PLC), leseni, na mtu anayeijua. LOGO ya kawaida ina skrini ya mistari sita na vitufe sita. Kijana anasoma "ELEVATA IMETELEZA" kwa Kiswahili, kwa sababu tuliandika hivyo, na mtu aliyeruhusiwa anaweza kubadilisha muda wa kipima muda papo hapo, amesimama, bila kompyuta. Programu nzima inahamishwa kwenye LOGO ya akiba kwa kadi ndogo ya microSD. Hata S7-1200 inaweza kuhamishiwa programu kwa kadi, ila iwe kadi ya Siemens yenyewe, na siku unayoihitaji ndiyo siku utakayojua haipo kwenye droo. Niliuliza mafundi wa karibu na kinu ni nani angeweza kufungua programu ya 1200. Jibu lilikuwa mtu mmoja, na mtu huyo ni mwajiriwa wa kampuni iliyoandika proforma.

PLC ilizaliwa kwa hitaji tofauti kidogo. Mwaka 1968 General Motors walikuwa wamechoka kufumua makabati ya relei kila modeli ya gari ilipobadilika, na Dick Morley na wenzake wakatengeneza Modicon 084. Ilikuwa mashine ya kiwanda kinachobadilika. Kwa hiyo swali nililomuuliza mama lilikuwa: kinu chako kitabadilika mara ngapi? Alijibu kwamba baba yake alisaga mahindi, yeye anasaga mahindi, na watu wataendelea kula bukari, yaani ugali.

Mwanawe hakukubali. Yeye anafikiria njia ya pili ya kusaga, mizani ya kupima magunia iliyounganishwa na kompyuta, aina tatu za unga zenye mipangilio tofauti, na ripoti ya kila zamu. Simpuuzi. Mambo hayo yakija pamoja, LOGO itaanza kulia: haina namna nzuri ya kutunza mapishi, yaani mipangilio ya kila aina ya unga, huwezi kuandika hesabu ndefu kwa maandishi kama kwenye lugha za kuandikia PLC za kiwango cha IEC 61131-3, na ukitaka kuingiza programu mpya lazima uisimamishe, wakati S7-1200 inakubali marekebisho mengi ikiendelea kufanya kazi. Kwa njia mbili zinazogawana hopa moja ningeandika PLC bila kusita. Kinachonisumbua ni kununua leo kifaa cha kinu ambacho bado ni ndoto, na kukiweka mbele ya watu wasioweza kukifungua.

Kuna sehemu za kabati ambazo sikuruhusu zijadiliwe kwa upande wowote. Kitufe cha dharura na swichi ya mlango wa kinu vinakata kontakta kupitia relei ya usalama, kwa waya. Programu inapewa taarifa tu. LOGO si kifaa cha usalama, na CPU 1214C ya kawaida si kifaa cha usalama pia, hata iwe na bei gani. Mlango wa kinu unafungwa kwa kufuli linalosubiri, kwa sababu nyundo huendelea kuzunguka muda mrefu baada ya umeme kukatwa. Kontakta za nyota na pembetatu zinazuiana kwa mitambo na kwa waya, siyo kwa programu peke yake: relei ikiganda, programu haitajua. Relei za LOGO zinabeba ampea 10 kwa mzigo wa kawaida lakini 3 tu kwa koili, kwa hiyo kontakta kubwa za kinu zinapitia relei za kati. Na kabati linakaa nje ya chumba cha kusagia. Vumbi la mahindi likitanda hewani hulipuka kwa cheche, na fundi aliyetaka kulibana ukutani karibu na kinu ili kuokoa kebo alielewa alipoambiwa hivyo.

Tuliagiza LOGO 12/24RCE, DM16 na DM8. Tofauti ya bei haikurudi yote kwenye pochi ya mama. Sehemu yake ilinunua LOGO ya pili yenye programu hiyo hiyo, iliyofungwa kwenye mfuko na kuwekwa ofisini. Pawa saplai yenye betri ili kidhibiti kibaki macho umeme ukikatika na kiandike saa ya kukatika. Kinga ya radi, maana toka Novemba mvua za hapa huja na ngurumo. Na kigeuzi cha ampea cha ubora kuliko kilichoandikwa mwanzo. Fundi wa mtaani alifunga. Kampuni ya mjini iliuza kibadilisha kasi na kuweka PID yake, kazi ambayo waliifanya vizuri. Lengo liliwekwa ampea 90, kwa heshima ya rangi ya kucha. Kabati lilinunuliwa kubwa kuliko lilivyohitajika, lenye reli tupu chini, na njia za kebo ziliachwa na nafasi: siku njia ya pili ikija, PLC itakaa hapo na LOGO itabaki mtumishi wa njia ya kwanza. Toleo la LOGO tulilochukua linaweza kuzungumza na vifaa vingine kwa Modbus TCP, lugha ya mtandao ya viwandani, kwa hiyo haitahitaji kutupwa.

Lilibaki ombi la mwana wa mama, kuona kinu kwenye simu. LOGO 8 ina ukurasa wake wa wavuti, na ndani ya ukuta wa kinu, kwa Wi-Fi ya ofisi, anauona. Alitaka auone hata akiwa Kasumbalesa, na rafiki yake alikuwa tayari kumfungulia mlango kwenye ruta ili mtu yeyote mwenye anwani aingie. Nilikataa, na mama aliniunga mkono. Akitaka hivyo, tutaweka ruta yenye VPN (njia ya faragha kwenye intaneti), na hiyo ni proforma nyingine.